Kura ya Meno ya Difu

Benchi la kijiwe cha Mabatini lina mguu mmoja wa tofali, na kila anayelikalia anajua mambo yote ya dunia isipokuwa pa kupata kazi. Siku hiyo, enzi zile za vijiji vya ujamaa, mbele yake ilisimama pikapu ya kijiji kimoja cha ng'ambo ya Busisi, matairi ya nyuma yote mawili yakining'inia hewani. Difu yake, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa imelika meno, na meno mapya yalipatikana Dar es Salaam tu. Yapo ya nne, ambayo propela, ule mhimili unaotoka kwenye injini, huzunguka mara nne ndipo tairi lizunguke mara moja. Yapo na ya tano. Ya nne hayakai kwenye difu ya tano. Karani wa kijiji, Cleophace, alikuwa anapanda treni mchana huo kwenda kuyanunua, na alitaka namba moja tu. Dereva, Masalu, alitaka namba hiyo kuliko mtu yeyote. Mwenyekiti wa kijiji alishasema: gari lisipopona, dereva anashika jembe shamba la kijiji. Masalu hakuwa amelima tangu apate leseni, na aliliogopa jembe waziwazi.

Alichora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Akalizungusha tairi mara moja.

— Moja! — alipaza sauti Ponsian kutoka uvunguni. Walimwita Injinia kwa sababu aliwahi kulinda geti la kiwanda cha kuchambulia pamba.

— Haiwezekani, mzee — alisema Masalu. — Hakuna difu ya moja.

— Rudia, waitu, ndugu yangu. Safari hii usilishtue.

Masalu akarudia.

— Nusu!

— Nusu? Imepungua?

— Imechoka — alisema Shimba, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Redio, maana hakuzimika. — Ngosha, gari hili limebeba pamba na mikutano. Hata wewe ungepungua.

— Chuma hakichoki, Redio.

— Hakichoki wapi? Maji ya ziwa yameingia pale kwenye kivuko cha Kigongo. Difu ikishakunywa maji ya ziwa inakuwa na tabia ya samaki. Leo iko huku, kesho huioni.

Cleophace aliangalia saa yake.

— Jamani, treni hainisubiri.

Masalu akazungusha mara ya tatu, jasho likimtoka. Shimba alikuwa amehamia upande wa pili, ameegemeza makalio yake kwenye tairi la huko, kikombe mkononi, akieleza habari za difu ya kikoloni ambayo eti ilikataa kuvuta gari mpaka ilipoona bendera mpya.

— Mbili na nusu! — Injinia alitoka uvunguni uso mweusi kwa grisi. — Sasa sikilizeni. Moja, nusu, mbili na nusu. Jumlisha. Nne kamili!

Benchi zima lilipiga makofi.

— Unajumlisha kwa nini? — aliuliza Masalu.

— Nguvu za pamoja, kijana. Hata mizunguko inaunganishwa. Siasa hujasikia?

— Mimi nasema tano — alisema Shimba. — Gari la kijiji haliwezi kuwa na meno machache kuliko la bepari.

— Basi tupige kura kama watu wazima — alisema Cleophace. — Wa nne, mikono juu.

Injinia akanyoosha. Cleophace akanyoosha. Masalu alijua mambo hayaendi hivyo, lakini alitamani mno yaishe, akanyoosha na yeye. Shimba akabaki peke yake na tano yake. Cleophace akatangaza kuwa nne imepita, akabeba mfuko wake na kuondoka mbio kuelekea stesheni. Masalu aliona raha kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaagiza kahawa.

Ndipo Paskazia, mwanakijiji mwenzake aliyekuja mjini kuuza dagaa, akasogea kutoka upande wa pili wa gari.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Nilikuwa nimesimama huku nikiwangoja mmalize. Nauliza tu. Mkizungusha tairi la huko, hili la huku mbona linarudi nyuma?

Masalu alilisukuma tairi lake polepole, akachungulia. La pili lilikuwa linarudi nyuma kweli, na propela imetulia kabisa.

— Ila yule baba wa kikombe alipolikalia halikurudi — aliongeza Paskazia.

Masalu akapiga hesabu: tairi moja likitulia, propela huzunguka nusu tu ya namba yake, na mbili na nusu mara mbili ni tano. Treni ikapiga honi stesheni. Masalu akaruka mtaro, kiatu kimoja kikabaki, akatimua mbio akipiga kelele:

— Karani! Usinunue! Karani!

Kijiweni walimtazama mpaka akapotea. Kisha Injinia akajikohoza.

— Kwa hiyo kura irudiwe — alisema. — Nani wa tano?