Mtungi wa Bahi

Kwenye basi la Kondoa, Evarista alifumba macho, maana aliyelala ndiye husikia vizuri. Nyuma yake binti mwanafunzi alikuwa akimsimulia bibi mmoja riwaya ya zamani aliyoipata mnadani, katikati ya mitumba. Humo, mwanamke akilia, mtungi wa rafiki yake hujaa maji.

"Huo si uchawi?"

"Hapana, bibi. Wanapendana tu."

"Shoga yangu yuko Bahi. Tumenuniana tangu msiba wa mumewe. Mtungi wangu mkavu. Ina maana halii?"

Binti akafungua kitabu, akakifunga. Hata Evarista alichanganyikiwa, kana kwamba kaulizwa yeye.

Basi likasimama Dodoma.

"Magari ya Bahi yanapandiwa wapi, mjukuu wangu? Nikautazame mtungi wake. Utakuwa umeshafurika."