Bi Biubwa Seif, Fundi Cherehani Aliyewashonea Ndege Makoti

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Bi Biubwa Seif atavua aproni yake ya kijani na kuitundika ukutani, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwauguza wanyamapori katika Kituo cha Klipdas, hapa kusini mwa Johannesburg. Sita ya mwanzo alijitolea. Kumi na sita iliyofuata aliongoza wodi ya ndege na wanyama wadogo. Kwa kuwa nusu ya wajitoleaji wetu wa leo ni watu aliowaleta yeye, uongozi umekubali ukurasa huu uandikwe kwa Kiswahili, na nimepewa mimi, Falonne, msaidizi wake wa miaka tisa. Najua atausoma akiwa na kalamu mkononi. Mimi ni mtoto wa Bukavu, yeye ni wa Bububu, Unguja, na tangu siku ya kwanza ameapa kuninyoosha Kiswahili changu kama anavyonyoosha bawa lililovunjika.

Hakuja Afrika Kusini kwa ajili ya wanyama. Alikuja mwaka 1998 na marehemu mumewe, wakapanga chumba La Rochelle, naye akaweka cherehani yake dirishani kando ya spaza, duka dogo la mtaani, na kuanza kushona magauni ya harusi. Asubuhi moja ya Oktoba 2003 alisikia kelele uani. Bundi mkubwa alikuwa amenasa kwenye seng'enge juu ya ukuta, bawa moja limechanika, na wapangaji walikuwa wameshaokota mawe. Kwetu sote, Wakongo kwa Watanzania, bundi ni uchuro. Akilia juu ya paa, watu huanza kuulizana nani mgonjwa. Bi Biubwa naye alilelewa hivyo hivyo, na anakiri kwamba aliogopa. Lakini kila yule ndege alipojaribu kujinasua alizidi kujichana, na fundi wetu hakuweza kusimama anatazama.

"Wekeni mawe chini," aliwaambia. "Kama ni mkosi, umeshampata yeye."

Aliomba ngazi. Aliyeishika ni Damien, mlinzi kutoka Lubumbashi aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, na aliishika huku amefumba macho, anasali kwa sauti. Bi Biubwa alimfunika bundi kwa satini ya gauni la bibi harusi, akakata seng'enge kwa koleo, akashuka naye kifuani. Yule bibi harusi alipata satini mpya, na hadi leo hajui kwa nini gauni lake lilichelewa siku mbili.

Dereva wa teksi aliyopanda kumleta Klipdas alipoona macho ya manjano yanachungulia kwenye kitambaa aliwashusha, yeye na bundi wake, kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani. Walitembea hadi Klipdas.

Daktari Refilwe, ambaye sasa ni mkuu wa kituo, wakati ule alikuwa na miezi mitatu kazini. Alimshona bundi jeraha, akamfunga bandeji, na bundi akijitikisa bandeji inateleza. Ilipoteleza mara ya nne, yule mama aliyekuwa amekaa kwenye kona na mkoba wake alishindwa kunyamaza. Alisema kwa Kiingereza chake cha dukani, maneno ambayo daktari huyasimulia kwa kila mwanafunzi anayekuja hapa: "Daktari, umemfunga kama mzigo. Yeye ana mabega. Mpimie!" Akatoa futi yake ya kushonea mkobani, akampima bundi kifua na mgongo, akaenda zake. Kesho yake alirudi na kikoti cha pamba chenye vifungo viwili nyuma na tundu la kutolea bawa zima. Hakikuteleza tena. Wiki saba baadaye bundi aliruka mbele ya wafanyakazi wote. Damien alialikwa, akaja, akasimama mbali karibu na geti. "Eish, Mama Biubwa, ameniangalia mimi," alisema, lakini alikuwa anacheka.

Tangu hapo Bi Biubwa alikuja kila Jumamosi. Kituo kilipomwajiri mwaka 2009 alikuwa ameshashona vifuko vya watoto wa popo, soksi za kalunguyeye, wale wadogo wenye miba, waliokatwa na mashine za kukatia nyasi, na kola ya korongo aliyekuwa anajidonoa nyuzi za kidonda. Vituo vingine vilipoanza kuulizia vikoti vyake alichora vipimo kwenye karatasi na kumpa kila aliyeomba. Amefundisha wajitoleaji zaidi ya themanini, na wote wanaikumbuka kanuni yake ya kwanza, inayotolewa kabla hata ya kuonyeshwa sinki la kunawia: hakuna kumpa mgonjwa jina, hakuna kumbeba kama mtoto. "Ukimpenda," husema, "mfanye akuogope. Huko nje binadamu si wote wa Klipdas."

Wapo watakaomkumbuka zaidi kwa siku ya Sandton. Mkenya mmoja, meneja katika jengo la vioo, alipiga simu akipiga kelele: "Mama, kujeni haraka! Kuna mamba kwa ofisi!" Tulimkuta amesimama juu ya meza kubwa ya mikutano, na suti yake na tai yake, pamoja na wenzake watano. Chini ya mashine ya kahawa alijibanza kenge mchanga mwenye mguu uliovunjika, anaogopa kuliko wote. Bi Biubwa alimfunika kwa taulo, akamweka kwenye boksi, kisha akamnyooshea meneja mkono ashuke. "Mwanangu, mamba wako huyu ana urefu wa mkono wangu," alimwambia. Kicheko kilisikika mpaka ghorofa ya chini. Meneja yule sasa hutuendeshea gari la kubebea wagonjwa kila Jumapili ya pili ya mwezi, na haruhusiwi kusahau neno mamba.

Januari 2020 misitu ya Australia iliungua, na wajitoleaji wa huko walikuwa wanaokota watoto wa kangaruu na popo wakubwa wenye nyayo na mabawa yaliyobabuka. Wito wa kuomba vifuko ukatufikia nasi. Bi Biubwa hakuwahi kumwona kangaruu ila kwenye picha. Alisoma maelekezo mara mbili: pamba tupu, tabaka la ndani libadilike, mishono itazame nje ili kucha zisinase. Kisha akaenda kwa mafundi cherehani wa La Rochelle, nyumba kwa nyumba, akaomba kila mmoja siku moja. Wakashona vifuko mia tatu na arobaini katika wiki mbili. Pamba nyeupe ilipokwisha wakaingia kwenye vitenge. Mwezi wa tatu ilikuja picha kutoka kwa mama mmoja anayeuguza wanyama nyumbani kwake huko: kangaruu mdogo, nyayo zimefungwa bandeji, kichwa kimetokeza kwenye kitenge cha njano chenye tausi. Mafundi waligombania simu. Bi Biubwa aliifungulia picha hiyo kundi la WhatsApp, mafundi wakawaingiza wasusi, wasusi wakawaingiza walinzi, na kundi halijafungwa hadi leo.

Lilituokoa Jumamosi moja ya Novemba 2023. Saa tisa alasiri mvua ya mawe ilipiga kusini ya jiji kwa dakika ishirini, mengine makubwa kama mayai ya kuku. Kando ya bwawa lililo karibu nasi kuna mikalitusi ambako yangeyange huzaa kila mwaka. Tulipofika, matawi yalikuwa yamevunjika, viota viko chini, na makinda wametapakaa matopeni, wamelowa, wanatetemeka. Kinda aliyelowa hivyo hafiki jioni. Klipdas ilikuwa na nafasi ya wagonjwa sitini, umeme ulikuwa umekatwa kwa mgao, na jenereta yetu ilikuwa kwa fundi tangu Jumatano. Nilimwuliza Bi Biubwa tuokote wangapi. Nilidhani nauliza swali la busara.

"Wote," alisema, na huku anainama kuokota, akaongea kwenye simu, kwa kundi zima: "Wanangu, ni mimi Biubwa. Ndege wanakufa hapa kwa baridi. Nataka taulo, nataka maboksi, na Orpha, nataka draya zako zote. Nani ana umeme?"

Orpha ni msusi mwenye saluni Bellevue. Lakini aliyejibu kwanza ni Damien, siku hizi mzee wa kanisa la Wakongo pale La Rochelle, na funguo za ukumbi huwa mfukoni mwake. "Mama, église iko na jenereta. Chorale iko mu répétition. Muwalete tu!"

Nusu saa baadaye magari sita yalikuwa yamesimama mbele ya kanisa. Orpha alishuka na draya saba, wasusi wawili, na mteja aliyesukwa nusu kichwa ambaye hakutaka kuachwa nyuma. Jenereta haikuweza kubeba draya pamoja na spika, kwa hiyo kwaya iliyokuwa mazoezini ilizima spika, ikavua majoho na kukunja mikono. Mafundi walikata taulo. Walinzi walijipanga mlangoni kupokea maboksi. Ukumbi ulinuka samaki, maana yangeyange akiogopa hutapika chakula chote alicholishwa na mama yake, na sketi nyeupe ya mwimbishaji ndiyo iliyopata baraka hiyo mwanzo.

Orpha alianza kazi kama anavyoianza saluni, moto wa juu kabisa, na kinda wa kwanza akafungua mdomo na kuanza kuhema. "Orpha! Hii si wigi!" Bi Biubwa alimpigia kelele kutoka upande wa pili. "Moto wa chini, shika mbali, peperusha mkono!" Kuanzia hapo alipita meza hadi meza akirekebisha mikono ya watu. Aliyekauka alipewa maji yenye glukosi kwa tone, kisha akaingizwa kwenye boksi na wenzake watatu wapashane joto. Kwaya iliuliza kama inaweza kuimba. Aliwajibu waimbe, ila kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. Wakaimba hivyo hivyo, makinda mikononi.

Si wote waliopona. Kuna wakati nilimwona amekaa kwenye benchi na watatu mapajani, wote wamekwisha. Nilidhani atalia. Aliwafunika kwa taulo, akaninyooshea mkono bila kuniangalia. "Nipe mwingine."

Jua lilipozama Damien alikuwa ameshapiga deki ofisi ndogo ya nyuma na kutandika kanga safi. Alimwita Bi Biubwa, akamwonyesha upande wa kibla aliokuwa ameutafuta kwenye simu yake, kisha akasimama nje ya mlango watu wasipite mpaka amalize sala. Nimewahi kuishi katika jiji hili miaka ambayo tuliambiwa wageni hatuwezi kupendana hata sisi kwa sisi. Huwa nawasimulia watu mlango ule.

Tuliokota makinda mia mbili sitini na watatu. Hamsini na wanane walikufa. Wiki saba tuliwalisha wengine kwa zamu, wakaota manyoya meupe, wakawa wakorofi, wakaturukia vichwani. Jumamosi ya kwanza ya Januari tuliwarudisha bwawani, kila boksi na mtu wake: fundi, msusi, mlinzi, mwimbaji. Daktari Refilwe alihesabu moja, mbili, tatu, vifuniko vikafunguliwa, na yangeyange mia mbili na watano wakapanda mara moja, hata hatukusikiana kwa vishindo vya mabawa. Orpha aliruka juu kama msichana. Damien hakufumba macho. Na Bi Biubwa, mwanamke asiyeruhusu hata mnong'ono wodini, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Anaondoka kwa sababu ya baridi yabisi. Kipupwe kilichopita alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akajaribu tena, kisha akanisukumia sindano kwenye meza. "Falonne, vidole vimeniaga kabla sijawaaga nyinyi," alisema. Siku hiyo alinitungisha uzi mara ishirini, akanishonesha kikoti cha bundi kutoka mwanzo, na akakifumua mara tatu. Cha nne alikigeuza ndani nje, akakitazama mishono, akakiweka kwenye kabati pamoja na vyake. Sijawahi kupata cheti kikubwa kuliko hicho.

Desemba anarudi Bububu kwa binti yake na wajukuu wanne. Bi Biubwa, Klipdas inakushukuru: kwa wagonjwa uliowarudishia anga, na kwa sisi tuliofika mji huu na ufundi wa mikono tu, ukatuonyesha kwamba mikono hiyo inatakiwa mahali. Mungu akupe afya, usingizi mtamu wa mchana, na majirani wakimya. Ukipata kosa kwenye ukurasa huu, piga simu, nitafurahi kusahihishwa.

Ila piga mapema, maana simu ya dharura ya wodi sasa ninayo mimi. Imeita nikiandika aya ya juu: kuna kalunguyeye ametumbukia kwenye mtaro huko Bellevue, na aliyepiga anaogopa kumgusa. Nimemwambia amfunike kwa taulo, asimpe jina, na kwamba niko njiani.