Fundi Msasa na Mkono Uliokosea

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu mliofika kutusindikiza leo, historia hii inasomwa na dada wa marehemu kwa niaba ya familia, na inasomwa yote kama mwenyewe alivyoagiza, pamoja na sehemu ambayo jana mchana kaka yao mkubwa alitaka irukwe, akisema msibani mtu husitiriwa wala haanikwi, mpaka mjane akasema, "Shemeji, mume wangu hakuomba kusitiriwa, aliomba isomwe," na maneno yakaishia hapo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Msasa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa seremala wa samani na mshonaji wa mapazia, na mama yao alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitambaa juu ya vumbi la mbao kabla hajajua sakafu ina rangi gani. Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1968, akiwa hakung'ara wala hakuaibika, isipokuwa katika somo la ufundi, ambako mwalimu alimpa adhabu ya kulainisha dawati alilolichora kwa kisu, naye akalilainisha kwa msasa mpaka madaftari yakawa yanateleza na kuanguka, jambo lililomletea adhabu ya pili na jina alilokufa nalo.

Kazi aliianzia kwenye karakana ya baba yake mwaka 1969, akahamia duka la vifaa vya uvuvi mwaka 1974 kama mtengenezaji wa fimbo zilizovunjika, na tarehe 2 Mei 1979 akafungua karakana yake mwenyewe katika chumba cha mbele cha nyumba hii tuliyokaa, chenye dirisha moja la kuelekea mtaani, benchi refu, na mashine ndogo ya kukereza ambayo ikiwashwa vikombe vya jikoni vilikuwa vinahama vyenyewe kabatini. Alitengeneza fimbo za kuvulia samaki za oda, moja moja, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe, na ndiyo maana akikusalimia hakuachii mkono upesi, wengi wakidhani ni ukarimu, kumbe anapima kiganja.

Kwa wasioijua kazi hiyo, mpini wa fimbo hutengenezwa kwa kizibo, yaani lile gome jepesi la mti linalotolewa vizibo vya chupa, likiwa limekatwa vipande vya duara vyenye tundu katikati, ambavyo huvishwa kimoja baada ya kingine kwenye ufito, yaani kijiti chenyewe cha fimbo, vikashikwa kwa gundi, vikabanwa, na vikikauka vikachongwa kwa tupa na kumaliziwa kwa msasa huku ufito ukizunguka kwenye mashine. Kazi ya katikati ya mpini mtu yeyote mwenye subira ataiweza, lakini fundi hujulikana kwenye miisho yake miwili, kwa kuwa mwisho wa nyuma, ambao yeye aliuita kitako, lazima uviringwe ukae kwenye kiganja bila kukitafuna, na mwisho wa mbele lazima upungue taratibu mpaka uwe mwembamba kama karatasi pale unapokutana na ufito, na hapo ndipo penye hatari, maana msasa ukizidi kidogo tu unauacha mpini na kuanza kuula ufito wenyewe. Mafundi wengine huufunga ufito kwa utepe hapo mwishoni ili msasa ukizidi ukwangue utepe, lakini marehemu alivitegemea vidole vyake, na aliyemkumbusha habari ya utepe alijibiwa, "Utepe ni bendeji, na mimi sijaumia."

Alifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981 na karani wa posta, ambaye walikutana dirishani pa posta wakigombana juu ya kifurushi cha pete za kupitishia mshipi kilichopasuka njiani, na mjane anasema ugomvi ule haukuisha, ulihamia tu nyumbani ukapewa chai. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1984, ambaye baada ya masomo aliingia karakana mwaka 2003 akapewa upande wa benchi ulio karibu na dirisha, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba baada ya miaka michache wateja walianza kuuliza, bila kumtazama baba usoni, kama kitako kingeweza kufanywa na binti. Marehemu alicheka nao, akajisifu kwa majirani, lakini alikiri baadaye kwamba kila akiulizwa hivyo lilimuuma.

Mwaka 2006 aligundulika kuwa na kisukari, akakipuuza kama alivyopuuza miwani, na kufikia mwaka 2011 ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi, jambo ambalo hakumwambia mke wala daktari, kwa kuwa fundi wa msasa asiyehisi kwa vidole hana tofauti na kinyozi asiyeona, na yeye alikuwa na woga mkubwa wa kufungiwa karakana akalishwa uji sebuleni. Akaanza kupima ulaini wa kizibo kwa shavu, akifumba macho na kuuviringisha mpini kwenye uso, na nyumbani tukalifanya jambo hilo kichekesho, mke wake akisema fimbo zinabusiwa kuliko yeye, na marehemu akacheka kuliko wote. Aliyeelewa ni binti peke yake, tangu siku alipoona doa jekundu likisambaa kwenye mpini unaozunguka, akatambua kwamba baba yake anasaga ncha ya kidole chake mwenyewe na hana habari, akaizima mashine, akamfunga kidole, na hakumwambia mtu. Kuanzia hapo alikuwa akiwahi benchini kabla ya baba na kuzifunga fito zote utepe, na baba akija alikuwa akiubandua, akinuna.

Fimbo moja kati ya hizo zilizobanduliwa utepe ilikuwa ya daktari wa meno, aliyekubali jina lake la kazi litajwe hapa na ambaye amekaa nasi safu ya tatu. Msasa uliula ufito chini ya mwisho wa mbele wa mpini, nyuzi za kufungia pete na vanishi zikapafunika, na tarehe 16 Agosti 2014, katika mashindano ya bwawani mbele ya wavuvi wote wa chama chao, samaki mzito alipovuta, fimbo ikakatika pale pale na kibanzi chake kikapita kwenye kiganja cha daktari, kiganja anachokitegemea kwa kazi, akakaa nje ya chumba chake cha matibabu hadi mwisho wa mwaka. Wavuvi walikuja karakana na vipande viwili mkononi, wakaviweka juu ya benchi, wakauliza, na marehemu, akiwa ameviangalia na kujua papo hapo, alisema, "Mkono huo si wangu, ni wa huyu binti."

Binti alikuwa amesimama dirishani, na angeweza kusema neno moja tu kuhusu vidole vya baba yake akaokoka, lakini alijua neno hilo lingeifunga karakana siku hiyo hiyo, akauweka msasa juu ya benchi, akavua aproni, akatoka. Baada ya hapo hakuna aliyempa fimbo, si mjini hapa wala kwingineko ambako wavuvi wanajuana, na amefanya kazi ya kushona viti vya mabasi gereji mpaka leo, na baadhi yenu mlio humu ndani mmekuwa mkimtaja kwa watoto wenu kama mfano wa uzembe. Marehemu aliliona hilo akanyamaza, na huku akinyamaza binti aliendelea kuja kila Jumapili kumkata kucha, kwa kuwa mkasi alikuwa hawezi tena kuushika, wakazungumza juu ya mvua na bei ya sabuni.

Mwezi Novemba 2020 marehemu alikatwa mguu wa kushoto, na akiwa wodini ndipo alipomwambia dada yake kila kitu, akisema amejaribu Jumapili nyingi kulitoa neno hilo na mdomo umekataa, na kwamba alimchafua binti mbele ya watu, kwa hiyo kumsafisha kwa kunong'ona chumbani kusingetosha, akaagiza yote yasomwe mbele ya watu siku ya kumzika. Dada alimwambia, "Kaka, mwambie ungali hai," naye akaahidi. Aliporudi nyumbani aliomba asogezwe benchini, akavisha vizibo kwenye ufito mpya wa fimbo aliyokusudia kumlipa daktari wa meno, na Jumapili ya mwisho, binti akiwepo, alichukua utepe akaufunga mwenyewe mahali panapotakiwa, kwa vidole visivyohisi, ukakaa umepinda na kukunjana, akamsogezea fimbo bila kusema, na binti akautazama utepe ule kwa muda mrefu, kisha akaomba mikono amkate kucha. Alifariki tarehe 19 Juni 2021, saa tano asubuhi, hospitalini, na ahadi aliyompa dada yake hakuitimiza.

Kwa hiyo inasemwa hapa, mbele yenu wale wale mliosikia mara ya kwanza, kwamba mkono uliokosea haukuwa wa binti, ulikuwa wa marehemu, na alijua tangu dakika ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, majirani waliovumilia mashine kwa zaidi ya miaka arobaini, wafanyakazi wa posta wenzake na mjane, na mafundi wa gereji waliompokea binti bila kumuuliza lolote. Inamshukuru daktari wa meno, aliyeambiwa ukweli huu juzi, akasema fimbo iliyo benchini ataipokea, ila miisho yote miwili imaliziwe na binti. Marehemu aliacha pia shukrani kwa binti huyo kwa kunyamaza miaka yote, na sisi wengine tunamwomba asinyamaze tena, hata kama atakayoyasema juu ya baba yake yatatuuma.

Kaka, uweke msasa chini na wewe sasa, upumzike kwa amani.