Kabla Hujawasha Karasha Jipya la Mwalo wa Donatus

Mgeni rasmi, shikamoo. Mwenye mwalo Bwana Donatus, msimamizi wetu Magesa, na majirani wote wa Mwakitolyo, tunawasalimu.

Mimi ni Mama Asteria, niliishia darasa la saba. Wenzangu wamenichagua kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Risala iliyochapwa ofisini tumeirudisha. Hii tumeiandika wenyewe.

KARIBU
Karibu sana. Umetukuta tumevaa glovu na kofia ngumu. Tumegawiwa leo saa mbili asubuhi, na hatujui kama kesho tutaziona. Lile kava jekundu la mkanda usiliegemee, rangi bado mbichi.

HISTORIA YETU
Tuko wanawake ishirini na tatu kwenye mwalo huu wa kusaga na kuoshea mawe. Tunalisha karasha mawe ya dhahabu, linasaga, unga unakwenda kuoshwa. Karasha linazungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda mrefu. Mkanda ukiteleza, mmoja wetu anaurushia vumbi la mawe ili ushike. Hatuzimi injini, maana kuiwasha tena ni shughuli, na Magesa hapendi.

MAFANIKIO
Tangu mwaka uanze hakuna ajali iliyoandikwa. Tunarudia, mgeni rasmi: iliyoandikwa.

CHANGAMOTO
Mwezi wa tano mwenzetu Lusia alikuwa akirushia mkanda vumbi. Kitenge kikanaswa, mkono wa kulia ukafuata. Akapiga kelele, "Mayu, zima! Zima, mayu!" Huyo mayu, mama aliyekuwa karibu na injini, ni mimi. Sikujua inazimiwa wapi, hakuna aliyewahi kutuonyesha. Mpaka Magesa anafika mbio, mkono ulikuwa umekwisha.

Lusia bado yuko chini, Magesa akatuambia, "Huko polisi na hospitali mseme pikipiki. Mkisema mashine, mwalo unafungwa. Mtakula mawe?" Tukaogopa. Tukasema pikipiki, na fomu ya polisi ya matibabu ikaandikwa pikipiki.

Halafu tukafanya kosa la pili, na hilo hatukutumwa na mtu. Tuliosha mashine. Kwetu damu ya mtu haiachwi mbwa wakapita. Tulisugua mpaka kwenye nati.

Siku ya tatu akaja mkaguzi wa migodi. Akakuta chuma kinang'aa. Akamwendea Lusia kitandani, akamuuliza, "Ulipanda bodaboda ya nani?"
Lusia akamjibu, "Ile inayosaga mawe, baba."
Mkaguzi akatuangalia sisi. Tukaangalia chini. Akafunga faili lake.

Leo Lusia analishwa na mama yake. Jina lake halimo kwenye daftari la zamu, na ukurasa wa mwezi ule hatuuoni. Tukiuliza tunaambiwa panya. Panya gani huyo anakula mwezi wa tano peke yake?

MAOMBI
Tunaomba habari ya Lusia ifunguliwe upya. Tuliosema uongo tuko tayari kusema kweli, popote tutakapoitwa. Majina yetu yote tumeyaambatanisha humu, na tunakuomba uyashike wewe mwenyewe, usimpe mtu akushikie.

Tunaomba kila mlishaji afundishwe kuzima injini kabla ya kufundishwa kulisha.

Tunaomba pia, kabla hujaondoka, umwambie Magesa alitikise lile kava mbele yako. Jana jioni tulimwona fundi akilifunga kwa waya. Bolti hatukuziona. Labda zilikuja baadaye, sisi hatujui.

Ratiba inasema tukimaliza kusoma, wewe unawasha karasha jipya, watu wapige vigelegele. Nafasi ya Lusia kwenye mkanda amepewa binti yangu. Ndiye yule pale kushoto, mwenye kofia inayomzidi kichwa. Ana miaka kumi na tisa. Nimemkataza wiki nzima, ananijibu, "Mama, si kuna kava sasa?" Ukiwasha, anaanza kazi.

Mgeni rasmi, tunaomba usiwashe.

Mungu akufikishe nyumbani mzima, uwakute wanao wazima.

Ni sisi, Wanawake Walisha Karasha wa Mwalo wa Donatus, Mwakitolyo.