Sahani Inayorudi Tupu

Kijiwe chetu kiko Kanyenye, ubavuni mwa duka la vipuri vya baiskeli, kwenye mataruma mawili ya reli niliyoyaburura mwenyewe mpaka hapa siku yalipong'olewa. Jina langu Emilian, ila hapa naitwa Signali, kwa kuwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kuwaambia madereva wa treni simama au pita. Sasa nauza kahawa. Saa kumi alasiri nawasha mkaa, birika linaanza kunung'unika, na wanaume wazima wenye wake na mashamba wanakuja kunijaza upuuzi masikioni. Mbishi mkuu ni Sylvester, tunamwita Dokta, maana alifagia wodi miaka kumi na anaamini magonjwa yote yanamfahamu kwa sura. Mbishi wa pili, huyu mpole, ni Plasidi wa Ulyankulu anayeleta asali mjini, tunamwita Nyuki. Na kiangazi hiki chote tulikuwa na mada moja tu, tumbo la Anselm.

Anselm ni fundi cherehani. Kibaraza chake hakifiki hatua thelathini kutoka kwangu, na nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Ukikaa kwenye taruma langu unaona ukuta wa uani kwake na bati la jiko la nje. Mkewe, Josepha, alifariki mwezi wa pili. Walikuwa wamekaa miaka thelathini na moja na kupata mtoto mmoja tu, Flavia, mwalimu huko Choma, wilaya ya Igunga. Tulipomaliza matanga tuliogopa mzee atakufa na njaa, kwa sababu hata chai alikuwa hajui kuchemsha. Kumbe wapi bwana, akatuambia Flavia amemtafutia msichana wa kumpikia. Kufika mwezi wa nane shati lilikuwa halifungi, akiinama kuokota sindano anahema, na Dokta akamvisha jina la Gunia.

Tulicheka sana, sitaficha. Tulicheka mpaka Jumatatu ile alipotoka hospitalini akiwa na ndala mguu mmoja na kiatu mguu mwingine. Kisukari. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimeanza kuwa cheusi, na daktari amempa siku kumi: sukari isiposhuka kidole kinaondoka, na baada ya kidole, mguu. Fundi wa cherehani ya kukanyaga, ukimkata mguu umemuua huku anapumua. Nilimnyooshea kashata, akaikataa kwa mkono. Akaacha kahawa ipoe kikombeni, halafu akasema:

— Jamani, nisaidieni. Siwezi kuacha kula.

Hapo kila mtu akafungua duka lake la maarifa.

Dokta ndiye aliyetangulia, kama kawaida. Akasema ni mnyoo, tena si hawa wa watoto, ni tegu mwenye umri, aliyeingia tangu Anselm akiwa kijana na sasa amekuwa mkubwa ndani ya nyumba. Akamalizia kwa ile ya haba na haba hujaza kibaba. Nikamuuliza kibaba kinaingiaje kwenye mnyoo. Akanijibu kwamba mimi kazi yangu ilikuwa kuinua vibendera, mambo ya utumbo niwaachie waliosomea. Aliyesomea ufagio, nikasema, na tukataka kukosana pale pale.

Plasidi akatuingilia kwa sauti yake ya chini. Alisema baba yake, mzee Manirambona, alipokimbia Burundi akiwa kijana alikaa siku tisa kwenye matete anakula mizizi. Alifika Ulyankulu, akapewa shamba, akavuna mahindi mpaka ghala likapasuka. Lakini mpaka anazeeka alikula kama mtu anayesikia hatua za watu nje, na kila siku alilala na kipande cha ugali chini ya mto.

— Njaa ikishakupitia karibu, inaacha mtu wake ndani yako, alisema Plasidi. Unamlisha huyo. Sasa wewe, kaka Anselm, njaa yako ni ya lini?

Anselm akatikisa kichwa. Kwao Kipalapala walilima, na hajawahi kulala na njaa.

Na mimi nikatia neno langu, maana kijiwe ni changu. Nikasema huzuni na njaa zinakaa mahali pamoja, hapa chini ya kifua, na mtu aliyefiwa hawezi kuzitofautisha. Kifua kinakwaruza, anadhani ni tumbo, anatupia ugali. Nilisema hivyo nikajiona nimesema jambo kubwa. Dokta akaniambia mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ambayo hata yeye mwenyewe sidhani kama alijua anaielekeza wapi.

Ndipo alipokuja na ile ya misafara. Alishusha sauti, na mnajua Dokta akishusha sauti lazima utavuta taruma karibu. Alisema nyumba ya Anselm imekaa juu ya njia yenyewe, ile ya zamani iliyotoka pwani ikapita Kwihara kwenda Ujiji. Babu yake alimwambia kwamba wapagazi waliokufa njiani walifukiwa haraka haraka, na posho yao ikaliwa na wenzao. Kwa hiyo wako wengi chini hapa wanaodai chakula cha jioni. Wakimwona mtu anakula peke yake, wanakaa kumzunguka. Unakula wewe, wanashiba wao, ndiyo maana huoni mwisho wa sahani.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, akamalizia.

Nikamwambia awaheshimu marehemu. Wale wapagazi walikuwa babu zetu Wanyamwezi, watu wa kazi, wasingetembea miezi mitatu na mzigo begani ili waje kudoea Kanyenye. Plasidi akacheka. Mimi nikacheka. Anselm hakucheka. Alikuwa anatazama bati la jiko lake.

— Lakini mimi nashiba, akasema. Nikifika katikati nashiba kabisa. Nusu ya pili naila nimeshiba.

Kwa miezi yote ile tulikuwa tunabishana kwa nini hashibi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anashiba. Nikamuuliza sasa hiyo nusu ya pili anaila ya nini.

Akatueleza, kwa taabu, kama mtu anayeungama. Kila jioni akifunga kazi anakuta chakula kimeandaliwa jikoni, kimefunikwa kwa sahani nyingine. Ugali, nsansa, yaani majani yaliyokaushwa, kwa karanga, siku nyingine uyoga. Ni yule msichana ambaye Flavia amemtafutia. Hajawahi kuonana naye, anapika na kuondoka, nadhani ana haya, alisema. Lakini ameacha kwao amekuja kumpikia mzee asiye wake, na kwa malezi ya Anselm mtu humrudishii mpishi chakula chake. Ni kumtukana. Kwa hiyo anamaliza, anaacha sahani tupu juu ya meza ya jikoni, na kesho yake anakuta imejaa zaidi ya jana.

Plasidi alijipiga paja.

— Basi ndiyo hiyo. Wewe unamaliza kwa heshima. Yeye anaona sahani tupu, anasema mzee hajashiba, anaongeza. Mnauana kwa adabu. Kwetu mgeni hubakiza, ili mwenye nyumba ajue imetosha.

Sikuwa na la kupinga, na mimi huwa sikosi. Dokta mwenyewe alikubali, ingawa alitaka mnyoo abaki kwenye kumbukumbu. Tukamwapisha Anselm kwamba leo hii anakula nusu na kubakiza nusu. Si lazima aseme neno lolote, sahani ndiyo itasema. Alipovuka barabara kwenda kwake alikuwa anachechemea, lakini nilimwona amenyoosha mgongo, nikafurahi. Nilijiambia kijiwe leo kimeokoa mguu wa mtu.

Jumanne hakuja. Jumatano alikuja mapema, mkaa wangu haujashika, akakaa ukingoni mwa taruma kama mtu anayesubiri kuitwa. Bandeji ilikuwa imelowa. Wenzangu walipofika nikamwambia haya, tupe habari.

Akasema Jumatatu alibakiza nusu, kama tulivyomwambia. Jana jioni akakuta chakula kilekile, kilima kilekile. Ila pembeni kilikuwepo kisahani kidogo cha chumvi.

Dokta akasema huyo binti ana akili, ameona chakula kimebaki akadhani hakikukolea chumvi. Plasidi akasema abakize tena leo, ataelewa. Anselm alitusikiliza mpaka tukamaliza.

— Josepha alifanya hivyo, akasema. Wiki ya kwanza tumeoana. Nilibakiza, hakuniuliza kitu, kesho yake akaniwekea chumvi pembeni. Niliona aibu. Sijabakiza tena mpaka amekufa.

— Na jana ulifanyaje? nikamuuliza.

— Nilimaliza.

Jua lilikuwa kali, vumbi la mwezi wa tisa limesimama barabarani, na mimi nimekaa na jiko la mkaa katikati ya miguu. Nilisikia baridi mgongoni. Sikuipenda hata kidogo, nikaanza kugombeza vikombe. Plasidi akasema polepole kwamba labda Flavia amemfundisha msichana mazoea ya mama yake. Tukalishika neno hilo wote, tukalirudia mara tatu nne. Ni jambo la kawaida kabisa. Mtoto wa kike anajua mama yake alivyokuwa anaandaa meza.

Tulikuwa bado tunakubaliana kwa nguvu namna hiyo Flavia aliposhuka kwenye bodaboda na begi lake. Basi la kutoka Igunga lilikuwa limechelewa. Alitusalimu shikamooni baba zangu, tukaitikia marahaba, akapiga magoti kwenye vumbi akashika mguu wa baba yake na kuifungua ile bandeji. Alilia. Anselm akawa anamwambia si kitu, si kitu mama, huku anatazama pembeni.

Mimi hasira zangu zinanitoka bila kubisha hodi. Nikamwambia mwalimu, tunakushukuru kwa kumtunza mzee, lakini yule msichana wako atamuua. Mwambie apunguze kipimo.

— Msichana yupi, baba?

— Huyo uliyemtafutia. Anayempikia.

Flavia akanitazama, kisha akamtazama baba yake. Akasema yeye hajamtafutia mtu. Mwezi wa tatu baba yake alimwambia kwenye simu asante kwa chakula, akajua ni ule mchele aliomtumia kwa basi. Baadaye akamwambia napikiwa vizuri, akajua amepata mtu hapa hapa mtaani, na akamshukuru Mungu.

Dokta akamtaja mama wa nyumba ya jirani. Nikamkumbusha kwamba yule alihamia Nzega tangu Pasaka na nyumba ina kufuli.

— Geti la uani hulifungi, baba? akauliza Flavia.

— Nafunga. Nilidhani umempa ufunguo wa mama yako.

Flavia akaingiza mkono kwenye begi. Akatoa ufunguo mmoja uliofungwa kwa kitambaa cha kitenge, akauweka kwenye kiganja chake ili wote tuuone.

— Ufunguo wa mama ninao mimi tangu siku ya mazishi, akasema. Sasa nani anampikia?

Nimekaa na watu hawa miaka minane. Sijawahi kuona swali limeulizwa pale wakakosa jibu. Uongo watasema, lakini watasema. Siku ile Dokta alitazama ndala zake. Plasidi alifanya ishara ya msalaba, upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Mimi nilishika birika nikammiminia Flavia kahawa ambayo hakuiomba.

Kisha tukageuka wote, bila mtu kutuambia tugeuke. Ng'ambo ya barabara, juu ya ukuta wa Anselm, moshi ulikuwa umeanza kutoka kwenye bati la jiko. Tumeuona moshi ule kila jioni saa hizi tangu mwezi wa tatu. Kila jioni tumesema aah, msichana ameanza, tukaendelea na maneno yetu.

Flavia alisimama, akapangusa magoti. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini alijikaza. Akasema twende baba, tukaone ni nani. Akamshika mkono kumwinua.

Anselm hakuinuka. Alikuwa anautazama ule moshi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na sidhani kama alikuwa anaogopa.

— Nenda wewe, mwanangu, akasema. Mwambie nimeshiba. Mimi miaka thelathini na moja nimeshindwa kumwambia.