Wasifu wa Mwalimu Asteria Bujiku, Aliyethibitisha Kwamba Jibu Lipo

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi, mimi ni Abel Bujiku, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Yeye mwenyewe pia aliniachia maagizo juu ya kusoma huku, nami nitayatii ingawa mengine yananichoma.

Marehemu Mwalimu Asteria Bujiku alizaliwa hapa Kharumwa tarehe 14 Agosti 1969. Wazazi wetu, Mzee Bujiku Mwigulu na Mama Paskalina, wote wametangulia mbele za haki. Walijaliwa watoto watano, tukakua wawili, yeye na mimi. Mama akienda shamba la pamba alinifunga mgongoni kwa dada, na dada alifanya hesabu zake chini kwa kijiti huku mimi nikimlilia masikioni.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Alipokuwa darasa la tano aliwekewa mkasi wa kosa kwenye swali aliloamini amelipata. Jioni alikwenda nyumbani kwa mwalimu, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo mwalimu. Swali la nne umekosea wewe." Mwalimu aliitikia marahaba, akalitazama swali, akamrudishia alama yake. Baba aliposikia alimchapa kwa utovu wa adabu, kisha akamnunulia daftari jipya. Alisoma sekondari Mwanza, akaingia Chuo Kikuu mwaka 1991 na kuhitimu mwaka 1994, shahada ya sayansi na ualimu.

Mwaka 1995 alipangiwa kufundisha Hisabati katika sekondari moja ya Kahama, akapanga chumba Nyasubi, na mji ule ukawa wake kwa miaka thelathini. Hapo alikutana na Ndugu Gregory Sostenes, bwana shamba. Walifunga ndoa takatifu tarehe 25 Julai 1998. Shemeji ameniomba niseme kwamba katika ndoa yote hawakulala wamenuniana, ila wakati mwingine walikesha wakibishana. Mungu aliwajalia watoto wawili, Eustace na Violeth.

Alipata shahada ya uzamili mwaka 2005. Mwaka 2009 alianza ya uzamivu, akiendelea kufundisha, na hapo ndipo wengi wetu tulipoacha kumwelewa. Alikuwa akishughulikia milinganyo ya mabadiliko yenye kuchelewa. Mimi ni bwana mifugo, kwa hiyo alinieleza kwa ng'ombe. Ukitaka kujua zizi litakavyokuwa mwakani, haitoshi kuhesabu ng'ombe walioko leo. Sharti ujue na yaliyopita, majike wangapi walipandwa na lini, kwa sababu ndama wa leo ni kazi ya miezi tisa iliyopita. Milinganyo hiyo iko hivyo, kinachotokea sasa kinaamuliwa na kilichotokea zamani. Yeye hakutafuta jibu lenyewe. Alitaka kuthibitisha kwamba jibu lipo.

Nilimuuliza, "Sasa dada, jibu ni ngapi?"

"Sijui."

"Miaka mitano hujui?"

"Abel, watu wanashuka duara la machimbo futi mia mbili kwa imani tu kwamba jiwe la dhahabu lipo. Mimi nataka kujua kama lipo kabla mtu hajashika sururu."

Mzazi mmoja wa mwanafunzi, mchimbaji, alisikia habari hiyo akamfuata shuleni. "Mwalimu, twende basi na kwenye duara letu ukathibitishe." Dada alicheka hadi akakaa chini.

Sasa nafika mahali pagumu. Novemba 2014 wasomaji wa chuo waliipitisha tasnifu yake. Tuliunda kamati ya sherehe, nikiwa mwenyekiti. Tulishona sare za kitenge, tukakodi ukumbi Nyasubi kwa Jumamosi ya tarehe 13 Desemba. Jumatano yake dada alikuja kwangu Mhunze tuchague ng'ombe wa kuchinja. Kulikuwa na ukame. Akamwona mtamba mmoja amekonda.

"Huyu ana umri gani?"

"Miaka mitatu na nusu."

"Mbona hajapandwa? Uliniambia mtamba hupandwa akiwa na miaka miwili."

"Hiyo ni majani yakiwapo. Ng'ombe wakizidi malisho, mtamba anachelewa. Kadiri wanavyozidi, ndivyo anavyozidi kuchelewa."

Dada hakuchagua ng'ombe. Aliomba kalamu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika mpaka jua likatuhama. Katika tasnifu yake alikuwa ameahidi kuthibitisha hata pale ambapo muda wa kuchelewa wenyewe hurefuka na kufupika kwa kutegemea hali. Lakini katika hatua moja, ukurasa wa 61, aliuchukulia kana kwamba haubadiliki kamwe. Hatua hiyo ilipoanguka, uthibitisho wote ulianguka nayo.

Nilimwambia anyamaze. Ndiyo, ni mimi. Nilisema, "Maprofesa watatu wamesoma hawakuona. Nani atajua?"

Akanijibu, "Mimi najua. Tena umenionyesha wewe."

Kesho yake aliandikia chuo na kuiondoa tasnifu. Jumamosi alisimama ukumbini mbele ya watu mia mbili waliovaa sare, akasema, "Kuleni mshibe, ila shahada bado. Nimekosea." Mama Paskalina peke yake ndiye aliyeinuka, akamshika mkono na kumwambia, "Wabeja, ng'wanone." Alimshukuru mwanawe kwa Kisukuma, mbele ya watu wote. Mimi nilitoka nje kwa aibu. Kwa karibu miaka miwili sikukanyaga nyumbani kwake.

Alirudi mezani. Ilimchukua miaka minne, na mwaka 2018 uthibitisho ukasimama, shahada ikatoka. Alikataa kamati. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa sebuleni kwake, watu wanane. Tangu hapo, kila kidato kipya alikianzia ukurasa wa 61. Aliuandika ubaoni bila kusema ni wa nani, akawaachia wanafunzi watafute kosa.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Mwanza, na tunawashukuru sana madaktari na wauguzi, na akina mama wa Nyasubi waliopokezana kumpelekea uji. Mwezi uliopita nilikaa kando ya kitanda chake, nikapata ujasiri.

"Dada, nisamehe kwa lile la sherehe."

"Nilikusamehe siku ileile. Wewe ndiye uliyechelewa kuuliza." Kisha akasema, "Ukinisomea wasifu, lisome na kosa langu. Wanafunzi watakuwapo. Wakisikia mazuri tu, watadhani hesabu ni za watu wasiokosea."

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 55. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Wanafunzi, mmesikia. Kosa la mwalimu wenu nimelisoma lote, na langu nimeliongeza mwenyewe bila kuagizwa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja aitwaye Blessing, wanafunzi tusioweza kuwahesabu, na mdogo wake mmoja, ambaye leo anamshukuru Mungu kwa moyo wote kwamba siku ile pale Mhunze dada yake hakumsikiliza.

Mungu ampe pumziko jema na amani isiyokwisha. Amina.