Baridi Aliyoikosa Jumbe

Mheshimiwa Diwani, Sheikh wetu, Mchungaji Asheri, Bi Rukhsana mke wa tunayemuaga, ndugu wageni waalikwa. Na wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Tahiri, mzaliwa wa Mkwaja, karani mstaafu wa bandari. Nimeombwa nimuage rafiki yangu, kaka Rehmatulla, fundi wa majokofu, anayefunga karakana yake ya hapa mjini, Ngamiani, na kuhamia Arusha kwa binti yao Farhana. Waliotangulia wamesifu mikono yake. Mimi nitaeleza alichomfanyia bibi yangu.

Bibi, akiwa msichana, alitumikia nyumba ya jumbe wa mwisho aliyetawala kwetu. Alikuwa akitusimulia mazulia ya Uajemi, mirashi ya fedha ya kunyunyizia marashi, kitanda kilichonakshiwa kwa pembe za ndovu. Nani kati yetu analalia kitanda kama hicho? Lakini jumbe alipopatwa na homa iliyomuua, hakuulizia fedha wala hariri. Aliomba kitu cha baridi awekewe kifuani, na nyumba nzima haikuwa nacho. Walichoweza ni kumpepea kwa zamu, bibi yangu akiwa mmoja wao, mpaka akakata roho.

Miaka mingi baadaye nilimleta bibi mjini, tukapita kwa Rehmatulla, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Alikuwa akijaribu jokofu. Akamwekea bibi kipande cha barafu kiganjani. Bibi alikishika mpaka kikayeyuka chote, machozi yakimtoka.

"Jumbe wangu aliitaka hii, baba," alimwambia. "Kwa mali yake yote, hakuipata."

Rehmatulla hakucheka. Aliweka bisibisi chini, akavuta kigoda, akamsikiliza hadi adhuhuri, wateja wakimngoja.

Mwaka uliofuata homa ikamwangusha bibi mwenyewe. Nilimpasha Rehmatulla habari tu, sikumwomba kitu. Alipanda basi akaja Mkwaja na barafu ameifukia kwenye unga wa mbao ndani ya gunia. Nyingi ilishakuwa maji. Iliyobaki tulimkanda nayo bibi usoni, kisha fundi huyu akachukua upepeo wa ukindu, akakaa kando ya kitanda akimpepea, ingawa wanawe na wajukuu tulikuwepo. Bibi akafumbua macho, akauliza ni nani. Nikamwambia.

"Basi mimi nimepata vyote viwili, baridi na wa kunipepea," akasema.

Kesho yake tulimzika.

Ndugu zangu, leo barafu inauzwa kila kona ya mtaa wa Nguvumali, na mtoto huinunua kwa chenji ya sukari. Kwa hilo tumempita jumbe. Je, na kwa watu wa kukaa nasi tukiugua? Mimi naukumbuka mji ambao fundi alifunga kazi yake akaenda kumpepea bibi wa mtu mwingine, na kesho asubuhi, basi la Arusha likiondoka, nitahisi sehemu ya mji huo imeondoka nalo.

Kaka Rehmatulla, familia yetu haijawahi kukushukuru mbele za watu. Leo tunakushukuru. Mungu akujaalie huko uendako watu wa kukaa nawe. Nanyi nyote mliotulia mkanisikiliza mpaka hapa, asanteni sana.